Honda CB550 ya 1976: kwenye foleni betri inakufa, safari ndefu betri inachemka

Sinza550

Wakuu habari zenu. Naombeni msaada kwa wanaozijua Honda za zamani za silinda nne.

Pikipiki ni CB550 ya mwaka 1976, platini (kontakti zinazokata umeme wa koili za plagi) bado ni zile za asili, umeme wa volti 12. Betri ni mpya ya maji, 12V 12Ah, ina miezi mitatu tu. Tatizo lina sura mbili zinazopingana:

Nikitoka Posta jioni na foleni ya Morogoro Road, taa ikiwa imewashwa, hadi kufika Ubungo stata haina nguvu tena na taa imekuwa ya njano kama kibatari. Lakini nikienda Bagamoyo mchana, taa imezimwa, mwendo wa 80 hadi 90, narudi nakuta maji ya betri yamepungua na kwenye bomba la kupumulia kuna tindikali imetapakaa hadi kwenye fremu.

Fundi mmoja kasema alteneta, yaani mashine inayozalisha umeme, imechoka. Mwingine kasema regyuleta, kile kifaa kinachodhibiti chaji, imekufa, tuitoe tufunge ya bodaboda maana ipo kila duka na ni bei rahisi. Sasa mashine moja inawezaje kuchaji kidogo na kuchaji kupita kiasi? Nianzie wapi kabla sijanunua kitu? Mita ya digitali ninayo.

Nilichobadilisha: taa kubwa ilikuwa hafifu, nikafunga balbu ya H4 ya wati 100/90. Mengine yote ni ya kiwandani.

Gerezani_Koili

Mkuu, regyuleta hiyo. Hizo za zamani ni za kontakti, zinaganda. Agiza mpya ya kielektroniki umalize kazi.

Mkono wa Shaba

Sinza550, usinunue chochote kwanza. Na regyuleta ya bodaboda usiifunge kabisa, nitaeleza kwa nini.

Pikipiki nyingi za siku hizi, Boxer na wenzake, alteneta yake ina sumaku ya kudumu. Sumaku haizimiki, kwa hiyo inazalisha muda wote, na regyuleta yake kazi yake ni kumeza umeme uliozidi. CB500, CB550 na CB750 za miaka ile hazina sumaku hiyo. Zina fildi koili iliyokaa tuli ndani ya kifuniko cha alteneta upande wa kushoto. Betri inapeleka moto (umeme) kwenye fildi, fildi ndiyo inageuza chuma kinachozunguka kuwa sumaku, na koili tatu za nje zinatoa umeme kupitia nyaya tatu za njano. Regyuleta yako haimezi kitu. Inaongeza au kupunguza moto unaokwenda kwenye fildi kupitia waya mweupe. Ya bodaboda haina hata mahali pa kuunga waya huo mweupe. Ukiifunga, fildi itakosa moto na hutachaji hata kidogo. Ukiulazimisha waya mweupe kwenye chanya moja kwa moja, utachaji bila breki hadi betri ipasuke.

Kwa hiyo unashughulika na vitu vitano: betri, fildi, koili za njano, rektifaya yenye daiodi sita (inayougeuza umeme wa alteneta uweze kuchaji betri), na regyuleta. Na kitu cha sita ambacho watu wanakiruka, nacho ndicho nakishuku kwako: njia ya waya mweusi kutoka betri hadi regyuleta.

Waya mweusi una kazi mbili kwa wakati mmoja. Unapeleka moto wa fildi, na pia ndio macho ya regyuleta. Regyuleta haioni betri moja kwa moja, inaona kile kinachofika kwenye waya mweusi. Moto huo unatoka betri, unapita fyuzi kuu ya ampea 15, swichi ya funguo, soketi kadhaa, ndipo ufike. Kila kiungo chenye kutu kinakula volti. Tuseme njiani zinaliwa volti 1.3. Ukiwa mwendo kasi, regyuleta inataka kuona 14.2, inaendelea kuisukuma fildi mpaka ione 14.2, kumbe wakati huo kwenye betri ziko 15.5. Betri inachemka. Ukiwa foleni, hesabu ni ile ile kwa upande wa pili: betri ina 12, fildi inapata chini ya 11, sumaku inakuwa dhaifu pale pale ambapo mzunguko wa injini ni mdogo.

Ndiyo maana ugonjwa mmoja unakupa dalili mbili. Fanya vipimo hivi, uweke namba hapa:

Kwanza betri. Ichaji nje ya pikipiki kwa ampea 1.2 hadi ijae, iache ilale usiku mzima, pima asubuhi. Chini ya 12.5 betri yenyewe ina shida, na vipimo vingine vyote vitakudanganya. Bonyeza stata huku unaangalia mita, isishuke chini ya 10.

Kisha ncha moja ya mita iweke kwenye chanya ya betri, kwenye risasi yenyewe, si kwenye bolti. Ncha nyingine iingize nyuma ya plagi ya regyuleta kwenye waya mweusi bila kuichomoa. Washa funguo. Namba utakayoona ndiyo volti zinazopotea njiani. Pima taa ikiwa imezimwa, halafu ikiwa imewashwa. Rudia kwa upande wa hasi: hasi ya betri hadi waya wa kijani wa regyuleta.

Mwisho washa injini, pima betri injini ikiwa sailensa (inanguruma taratibu bila kupewa mafuta) na taa imewashwa, halafu mizunguko 4,000 kwa dakika taa imezimwa.

Dada Rilei

Naongezea kwenye alichosema Mkono wa Shaba: ile balbu ya wati 100/90 iondoe leo, kabla ya marekebisho yoyote ya kudumu.

Alteneta ya CB550 inatoa wati 150 hivi, na hizo ni kwenye mizunguko 5,000. Kwa volti 14 ni kama ampea 10 na nusu. Sasa toa matumizi. Fildi yenyewe inakula ampea 2.4, maana upinzani wake ni omu 4.9 hivi. Koili za plagi ampea 3 hadi 4. Taa ya nyuma na za dashibodi, moja na nusu. Umeshafika 7 na bado hujawasha taa kubwa. Wati 90 za mwanga mfupi ni ampea 7 na nusu nyingine. Jumla inakaribia 15, na alteneta hata ikiwa nzima kama ilivyotoka Japani haitafika huko. Ukiwa sailensa inatoa sehemu ndogo tu ya zile 150, kinacholipa pengo ni betri.

Na hizo ampea zote zinapita kwenye fyuzi kuu ya ampea 15. Fungua kibebeo cha fyuzi ukitazame kwa karibu. Kama plastiki imekuwa ya kahawia upande mmoja, vibano vya shaba vimepoteza uchemchemi na fyuzi inacheza ukiigusa kwa kidole, umeshapata sehemu ya volti zako. Vuta kidogo ganda la waya mwekundu jirani na kibano. Ukiona limekakamaa na nyuzi za shaba ndani ni nyeusi badala ya kung'aa, waya umepikwa. Kata hadi ukute shaba inayong'aa.

Nadhani hata sababu ya kununua balbu kubwa ilikuwa hii hii. Taa ilikuwa hafifu kwa sababu moto haufiki, ukaongeza balbu, balbu ikavuta ampea zaidi, viungo vikapata joto zaidi, volti zikapungua zaidi.

Sinza550

Asanteni sana. Namba hizi hapa. Betri baada ya kulala usiku: 12.66. Stata: inashuka hadi 10.4.

Volti zinazopotea upande wa chanya: taa imezimwa 1.3, taa imewashwa 2.3. Upande wa hasi: 0.08.

Sailensa, taa imewashwa: betri 11.7. Mizunguko 4,000, taa imezimwa: betri 15.5.

Kibebeo cha fyuzi kina kahawia kama alivyosema dada. Je, nifungue regyuleta nirudishe skrubu yake ya kupangia volti ili nishushe 15.5?

Mkono wa Shaba

Hapana, skrubu usiiguse. Betri ina 15.5, ukitoa 1.3 regyuleta inaona 14.2. Inafanya kazi yake sawasawa. Ukiishusha sasa, siku utakaposafisha viungo utajikuta unachaji 13 na betri haijai kamwe. Skrubu inaguswa mwisho, njia ya moto ikiwa safi, betri imejaa, injini imepata joto, tena kidogo kidogo, thumni ya mzunguko halafu unapima.

Hasi yako ni nzuri, iache. Sasa tafuta hizo 1.3 zimekaa wapi. Ncha moja ibaki kwenye chanya ya betri, nyingine isogeze hatua kwa hatua: kabla ya fyuzi, baada ya fyuzi, waya unaoingia swichi ya funguo, unaotoka swichi, soketi ya ndani ya taa, regyuleta. Mahali namba inaporuka ndipo penye ugonjwa. Kwenye hizi Honda kwa kawaida ni vibano vya fyuzi, swichi ya funguo, na soketi nyekundu kubwa. Jiji letu lina hewa ya chumvi, na mvua za masika zikishapita kwenye soketi mara mbili tatu utakuta kutu ya kijani ndani hata kama nje panaonekana pazuri.

Kusafisha: vichomoe vipini (ncha za chuma za nyaya) kwenye plastiki yake kwa sindano nyembamba, kuna kiulimi kidogo cha kubonyeza. Loweka vya shaba kwenye maji ya ndimu na chumvi kidogo, dakika kumi zinatosha, sugua na mswaki mkuukuu. Kisha suuza kwenye maji yenye magadi ya kuokea ili tindikali iishe, halafu maji safi, kausha kabisa. Hatua ya magadi usiiruke, tindikali ikibaki kutu inarudi haraka kuliko mwanzo. Bana vya kike (vile vinavyoingiziwa vingine) kidogo kwa koleo ili vishike. Paka grisi ya silikoni. Msasa usitumie, unakwangua madini yaliyopakwa juu na baada ya miezi michache uko pale pale.

Kibebeo cha fyuzi kitupe, funga cha fyuzi za bapa kama za magari. Swichi ya funguo inafunguka: nyuma yake kuna bamba lenye vituo vya shaba, safisha kwa spirit, grisi kidogo, rudisha. Jihadhari na vipira na vispringi vidogo, fungua juu ya kitambaa cheupe.

Gerezani_Koili

Nimekubali hesabu ya Mkono wa Shaba, niliharakisha. Lakini kwa faida ya wengine wenye alteneta hii ambao hawachaji kabisa, kipimo cha kutenganisha regyuleta na alteneta ni hiki: chomoa waya mweupe kwenye regyuleta, upe huo upande unaokwenda alteneta moto wa moja kwa moja kutoka chanya ya betri. Washa, peleka mizunguko 2,500. Betri ikipanda haraka kuelekea 15, alteneta na rektifaya ni nzima, tatizo ni regyuleta au njia yake. Isipopanda, regyuleta haihusiki. Sekunde chache tu, ikigusa 15 achia.

Isipopanda, pima fildi kati ya mweupe na kijani, plagi ikiwa imechomolewa: iwe karibu omu 5. Ikisoma 2, koili imeungana ndani, na ndiyo itakayounguza kontakti za kila regyuleta mpya utakayofunga. Isiposoma kitu, waya umekatika, na mara nyingi unakatika nyuma ya kifuniko cha sproketi ya mbele, pale mafuta ya mnyororo na joto vinapougandisha. Nyaya za njano, pima mbili mbili, jozi tatu ziwe sawa, chini ya omu moja. Gusisha kwanza ncha za mita zenyewe kwa zenyewe, utoe hiyo namba. Njano yoyote isiwe na mawasiliano na injini.

Rektifaya ipime kwa alama ya daiodi kwenye mita: kila njano kwenda nyekundu yenye mstari mweupe, na kila njano kwenda kijani. Upande mmoja isome 0.5 hadi 0.7, ukigeuza ncha isisome kitu. Daiodi moja ikifa unapoteza sehemu kubwa ya chaji. Ikivuja kurudi nyuma, betri inaisha pikipiki ikiwa imelala. Mbadala wake si lazima utoke Japani. Maduka ya vifaa vya elektroniki Kariakoo yana daraja la daiodi la fezi tatu la ampea 35, lina miguu mitano: mitatu ya njano, chanya na hasi. Lifunge kwenye bamba la alumini lenye pasta ya joto, bila hivyo linaungua.

Na anayenunua regyuleta ya kielektroniki ahakikishe ni aina inayopeleka chanya kwenye fildi. Zipo za magari zinazokata upande wa hasi, na fildi ya Honda hasi yake iko kwenye bodi tayari. Ukiifunga hiyo haitaleta kitu.

Kigamboni DT

Samahani kuingilia, mimi nina Yamaha DT175 ya volti 6, balbu zinaungua moja baada ya nyingine. Vipimo hivi vinanihusu?

Mkono wa Shaba

Havikuhusu, kaka, hiyo yako ni sumaku ya flaiwili (gurudumu zito linalozunguka na injini). Koili ya taa inalisha balbu moja kwa moja, na balbu zenyewe ndizo zinazoshikilia volti zisipande. Balbu ya wati ndogo kuliko iliyoandikwa kiwandani, au taa ya nyuma ikiungua, volti zinapanda na ya mbele inafuata. Rudisha wati zile zile mbele na nyuma, safisha ethi (muungano wa hasi na bodi) ya kibebeo cha balbu. Fungua mada yako tukusaidie kwa kirefu.

Sinza550

Mrejesho. Fyuzi peke yake ilikuwa inakula 0.7. Swichi ya funguo 0.4. Zilizobaki ni soketi. Baada ya kusafisha na kibebeo kipya, taa imezimwa zinapotea 0.3. Naweza kushuka zaidi?

Dada Rilei

0.3 inavumilika, ila kwa swichi ya karibu miaka 50 mimi ningeipunguzia mzigo kabisa. Nunua rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) moja ya gari ya miguu minne. Mguu wa 30 unatoka chanya ya betri kupitia fyuzi yake ya ampea 10. Wa 87 unakwenda kwenye waya mweusi wa regyuleta na koili za plagi. Wa 86 unapata moto kutoka waya mweusi wa zamani unaotoka swichi, wa 85 ethi. Waya wa milimita mraba 1.5 unatosha, vipini bana kwa koleo lake, si kwa meno.

Angalizo moja kubwa: waya mweusi wa zamani na upande wa 87 visikutane popote. Vikikutana, rilei itajilisha yenyewe, utazima funguo na injini itaendelea kunguruma. Pia kwa kuwa koili zitapita hapo, hakikisha swichi nyekundu ya dharura ya mkononi bado inakata moto wa koili baada ya kazi. Ijaribu kabla hujatoka barabarani.

Taa kubwa, weka balbu ya HS1 ya wati 35/35, zile za bodaboda, mara nyingi inakaa kwenye kitako cha H4. Ikipata volti kamili itakupa mwanga unaoushinda ule wa balbu ya wati 100 inayopata volti 9.

Na usiache funguo imewashwa injini imezima. Fildi inaendelea kuvuta ampea 2.4 zake na koili moja ya plagi inaweza kuwa inachemka, kutegemea platini zimesimama wapi.

Sinza550

Rilei imefungwa, balbu ya 35/35 imekaa vizuri. Zinazopotea hadi regyuleta: 0.12. Mizunguko 4,000 taa imezimwa: betri 14.4. Mizunguko 3,000 taa imewashwa: 13.6. Sailensa taa imewashwa: 12.2, na stata ya hapo hapo inavuta vizuri. Swichi ya dharura nimeijaribu, inakata. Skrubu ya regyuleta sijaigusa.

Mkono wa Shaba

Safi kabisa. Acha hivyo hivyo. Jaza maji yaliyokenekwa (distilled water) hadi mstari wa juu wa betri, usiongeze tindikali, na osha pale ilipomwagikia fremu kwa maji ya magadi kabla rangi haijaanza kuvimba. Bomba la kupumulia lipitishe nyuma ya swingiamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma), lisiguse mnyororo.